Gambuti Nyuma Yangu

Maziwa ningeweza kuletewa nyumbani. Chepkorir mwenyewe ameniambia mara nyingi kwamba binti yake akienda shule anapita karibu na kwangu, ataniwekea kidumu mlangoni na mambo yaishe. Nikamwambia asante, mimi bado nina miguu. Sikumwambia kwamba maziwa ni kisingizio tu. Ninachofuata kule senta ni watu.

Nikifika huanza na Mokaya, fundi wa viatu, ambaye ni Mkisii mwenzangu na ni mwongo. Kila asubuhi ananiambia viatu vyangu vimezeeka kuliko mimi, nami namwambia sindano yake ina kutu kama meno yake. Nikikosa kutukanwa na Mokaya siku yangu haikai sawa. Kisha Dorcus, anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, ananichagulia zile kavu huku akinisimulia ndoto aliyoota, na ndoto za Dorcus hazina mwisho. Wa mwisho ni Chepkorir na maziwa yake. Ananipimia, ananiongezea kidogo juu, tunaulizana habari za ng'ombe kabla ya habari za watoto. Halafu narudi pole pole kwa njia ya katikati ya mashamba ya chai, nikiwasalimu wachumaji. Tangu mume wangu afariki hiyo ndiyo raha yangu, na siionei haya.

Basi wiki ile raha yangu iliingia mdudu. Kulikuwa na mtu ananifuata.

Mara ya kwanza nilimsikia penye kona ya mikaratusi. Gambuti, vile viatu virefu vya mpira, zilikuwa zikikanyaga tope nyuma yangu, chwaa, chwaa, bila haraka. Nikasimama, nazo zikasimama. Nikageuka. Niliona chai tu, imekatwa sawasawa kama meza, inanifika kiunoni, na hapakuwa na mtu. Nikatembea, nazo zikatembea. Kesho yake niligeuka ghafla, na safari hiyo niliona kofia nyeusi ikizama katikati ya majani. Jamani, mtu mwenye nia njema anajificha chini ya chai akimwona mama mzee?

Na sikuwa naogopa kivuli. Jirani yangu Elmina alikuwa amevamiwa majuzi tu kwenye njia hiyohiyo. Walimnyang'anya simu, wakamvunja mkono, wakamwacha mtaroni mpaka wachumaji walipomsikia akilia. Nilienda kumwona. Alikuwa ameketi kitandani na mkono umefungwa, na kila mlango ukigongwa alikuwa anaruka.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Nina mwanangu Vinny, anaishi Nakuru. Aliposikia habari ya Elmina alinipigia simu hapo hapo.

"Mama, sikiza. Nikisikia umeshtuliwa hata kidogo, nakuja na gari. Hatutabishana. Utakuja kukaa na sisi."

Si mtoto mbaya, ni wasiwasi. Lakini nimewahi kukaa kwake. Ni ghorofani, na dirisha la chumba changu linatazama ukuta. Asubuhi wote wanatoka, mlango unafungwa, nabaki na televisheni. Nikimsalimia mtu kwenye ngazi, ananiangalia kana kwamba nataka kumkopa. Aliyenisemesha ni bawabu peke yake, naye alichosema ni, "Mathe, sign hapa." Chakula kilikuwa kingi, na bado nilirudi kwangu nimekonda.

Kwa hiyo nilikuwa nimebanwa huku na huku. Nikisema ninafuatwa, napelekwa Nakuru kutazama ukuta. Nikinyamaza, naweza kukutwa mtaroni kama Elmina. Nikanyamaza. Hata binti yangu Nyabate sikumwambia, ingawa ameolewa hapo karibu, ng'ambo ya kiwanda cha chai. Kwanza ana mtoto mchanga. Pili, yeye na kaka yake hawafichani kitu. Kuna mume wake, Zack, anayefanya kazi za usiku kiwandani, lakini huyo ndiye kabisa sikuweza kumwambia. Sisi Wakisii tuna chinsoni, zile heshima za wakwe. Mkwe wa kiume hanigusi wala hanitazami usoni. Zack alikulia mjini, hakufundishwa. Siku waliyoleta mahari alinijia mikono wazi akitaka kunikumbatia, nami nikampigia kelele mbele ya wazee wake mpaka akamwaga soda. Baadaye watu walisema nilizidisha. Mimi nasema mtu hufundishwa mapema.

Alhamisi niliamka sitaki kwenda. Nilikaa kitandani nikitazama kidumu cha maziwa kimening'inia kwenye msumari, nikajiuliza, nikikaa leo, kesho nitatokaje? Nikavaa sweta mbili, nikatoka. Gambuti zilianza penye mikaratusi, kama kawaida. Sikugeuka. Nilienda nikiomba Mungu kwa sauti mpaka nikaona mabati ya senta.

"Mama Vinny," Mokaya akaanza, "hivyo viatu vimechoka kukushinda!"

Nikamtazama miguuni. Alikuwa amevaa gambuti.

"Hizo umetoa wapi?" nikamuuliza.

"Hizi? Si ni zangu za mvua. Leo hunitukani? Uko mgonjwa?"

Nilimtazama mtu niliyetukanana naye miaka na miaka, nikajiuliza kama angeweza kunivunja mkono. Kwa Dorcus kulikuwa na mwanaume mwenye kofia nyeusi, nikapita bila kununua omena wala kusikia ndoto. Hiyo iliniuma kuliko hofu yenyewe. Watu wangu wote walikuwa wamegeuka washukiwa, na asubuhi yangu ilikuwa imeharibika.

Chepkorir alinipimia maziwa, nusu yakamwagika kwenye mkono wangu.

"Mbona mkono inatetemeka hivyo?"

"Ni baridi."

"Baridi gani na umevaa sweta mbili? Ngoja nikuitie mtu akusindikize."

"Nimekuwa mtoto?" nilimjibu kwa ukali, nikaondoka kabla hajaniona machozi.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Sikuona wachumaji, nilisikia tu sauti zao mbali, upande wa bondeni. Nilipofika katikati ya shamba gambuti zikaja, na safari hii zilikuwa karibu. Nikaongeza mwendo, zikaongeza. Nikaanza kukimbia, mimi, na magoti haya. Nikasikia zikikimbia pia. Nilipiga kelele lakini halikutoka hata neno moja linaloeleweka. Kisha mguu ukakosa njia, na nikaenda chini, mtaroni, kidumu kikaruka, maziwa yote yakamwagika kwenye tope.

Gambuti zikasimama juu yangu.

"Chukua simu!" nikalia, nikairusha juu bila kutazama. "Chukua, mwanangu, uniachie mikono yangu!"

Nilifunga macho nikangoja kupigwa. Sikupigwa. Nilichosikia ni mtu anahema, na harufu ikanifikia, harufu ya chai iliyokaushwa, ile inayoganda kwenye nguo za watu wa kiwanda. Nikafungua macho.

Kulikuwa na mwanaume amesimama ukingoni mwa mtaro, amenipa mgongo. Alikuwa na koti la kazi na kofia nyeusi. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka nyuma, kuelekea kwangu, umeshika fimbo.

"Shika hiyo fimbo, mama," akasema huku anatazama chai. "Pole sana. Sikuangalii."

Sauti hiyo niliijua.

"Zack?"

"Ni mimi."

"Ni wewe ndiye umekuwa ukinifuata?"

"Nyabate alinituma. Tangu jirani yako Elmina aumizwe. Nikitoka kazi nakungoja hapo kwa miti, nakufikisha senta, nakurudisha. Halafu naenda kulala."

"Na kujificha je? Unazama kwenye chai kama mwizi!"

Mgongo ukajikunja kidogo.

"Sasa ningefanya aje? Ulisema nisikukaribie. Baba yangu akaniambia, ukikutana na mama mkwe njiani, toka njia. Wewe ukigeuka, mimi natoka njia."

"Ungeniua kwa hofu!"

"Najua. Nilimwambia Nyabate akuambie. Akasema ukijua utakataa."

Ningekataa, ndiyo. Nilikaa kwenye tope lile nikitafuta tusi la kumtupia na sikulipata. Nikaanza kulia kwa sauti, na yule kijana akasimama vilevile, fimbo imenyooka, mkono wake umeanza kuchoka. Hakugeuka hata mara moja. Nikashika fimbo. Akavuta kama anayevuta ndama, mgongo bado umenielekea, nikatoka.

Mguu haukukanyagika vizuri. Akatangulia, nami nikamfuata nimeshika ncha ya pili ya fimbo. Hatukuwa tumefika mbali simu ikaanza kulia ndani ya chai. Zack akaenda kuitafuta, akaipangusa kwenye koti lake, akaiweka juu ya jiwe na kurudi nyuma, akanigeuzia mgongo tena.

Alikuwa Vinny.

"Mama, ndio naingia job, nimeona nikupigie. Uko sawa? Mbona unahema?"

Hapo ningeweza kusema kila kitu. Njia ilikuwa tupu, ukungu umefunga, na waliomvunja Elmina mkono walikuwa bado wanatembea mahali. Niliogopa, nasema ukweli, niliogopa mpaka nikataka gari lije.

"Nimeteleza, nikamwaga maziwa," nikasema.

"Wapi? Kwa hiyo njia? Uko peke yako?"

Nikamtazama Zack. Alikuwa amelala wima, kichwa kinaanguka na kuinuka, mtu aliyekesha akipakia mashine majani usiku kucha, na tope limemfika magotini kwa ajili yangu.

"Siko peke yangu," nikasema. "Niko na mtoto wangu."

"Nyabate ametoka na baby kwa baridi hii?"

"Si Nyabate. Nina mtoto mwingine. Nenda kazini, Vinny, utachelewa."

Mgongo wa Zack ulinyooka. Alikohoa, akaanza kutembea, nami nikafuata fimbo yangu.

Mguu ulipona. Nilimtuma Nyabate amweleze mumewe jambo moja tu: akinifuata, asinyamaze, akohoe kila tukifika konani. Mengine yabaki yalivyo. Hatushikani mikono wala hatutazamani.

Asubuhi ya kwanza nilichukua kidumu, nikashuka. Waliomvamia Elmina hawajashikwa, na mimi sijaacha kuogopa. Penye mikaratusi nikasimama, bila kugeuka.

"Zack," nikaita.

Hakujibu mtu. Upepo ulipita juu ya chai. Nikafikiria kurudi. Nikafikiria dirisha la Nakuru na ukuta wake.

Kisha nyuma yangu mtu akakohoa, kikohozi cha usingizi, na baadaye kidogo akakohoa tena, ingawa hakukuwa na kona.

Nikashika njia. Kufika kwa Mokaya nilikuwa na tusi jipya, na Dorcus alikuwa na ndoto za siku zote nilizokosa. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Kwa muuza mandazi nikanunua mawili, nikala moja. La pili nikalifunga kwenye karatasi, na wakati wa kurudi nikaliacha juu ya lile jiwe la simu.