Kishikio cha Kamera Ndani ya Probox

Kila asubuhi, kabla jua halijaupanda ukuta wa ua, Ruweida alifukiza vyombo vya maziwa ya ngamia. Alitia kijinga ndani ya chombo, akakitikisa, akafunika ili moshi ukae, kisha akahamia kingine. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu haikumlazimu kusema na mtu. Siku hiyo hakuwa amefika katikati aliposikia honi ikilia mfululizo langoni, na gari la nyumbani, Probox, likaingia uani kwa kishindo, kuku wakatawanyika. Kaka yake Huqa akashuka ameshika paji la uso.

"Salaam aleikum. Nimepigwa."

"Na nani?" Ruweida aliuliza, kijinga kikiwa bado mkononi.

"Na simu yangu mwenyewe."

Jumamosi iliyokuwa ikija kungekuwa na mbio za magari kwenye uwanja wa vumbi nje ya mji, njia ya kwenda Leparua. Wenye mashindano walitaka kila dereva mgeni atume kwanza video iliyopigwa ndani ya gari, mizunguko mitatu, ili waone kama mtu anajua kukata kona au anatafuta tu mahali pa kufia. Huqa alikuwa ameibandika simu kwenye dashibodi kwa seloteipu. Kwenye kona ya kwanza seloteipu iliachia, simu ikamrukia usoni.

"Wewe ndiye umesomea magari chuoni," alisema. "Nitengenezee kitu cha kushika kamera. Lakini cha bei ya kwetu. Vile vya dukani ni vya watoto wa matajiri."

Ruweida alilitazama gari, hakumtazama yeye. Kulikuwa na jambo lililojulikana na Mungu na digidigi wa upande ule tu: asubuhi ambazo Huqa alikwenda mnada wa Oldonyiro kununua mbuzi, Ruweida ndiye aliyepeleka maziwa sokoni kwa gari hilo, na wakati wa kurudi na vyombo vitupu alipitia uwanjani akazunguka peke yake mpaka moyo ukamjaa. Alitaka Jumamosi awe yeye kwenye kile kiti. Hakuwa amewahi kutaka kitu namna hiyo. Akafungua mdomo.

"Nataka..."

"Unataka nini?"

"Nataka blada mbili na bomba la chuma."

Walikwenda kwa Ekiru, fundi wa kuchomelea aliyekuwa na maneno mengi kuliko vyuma. Alichomoa bomba la mraba kwenye rundo la takataka nyuma ya kibanda.

"Hii ilikuwa kitanda cha nani?" Huqa aliuliza.

"Cha jirani yangu. Alinunua kitanda kabla ya kupata mke. Mke hakukuja, kitanda kikachoka kungoja."

Ruweida aliinua viegemeo vya kichwa vya viti viwili vya mbele, akalaza bomba kutoka kiti hadi kiti kwenye vyuma vyake, akaweka alama. Ekiru akakata, akatoboa. Katikati walifunga kwa nati kile kishikio ambacho watu wa bodaboda huwekea simu. Kila mahali chuma kilipokutana na chuma, Ruweida alizungusha blada, zile kamba zinazokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi, akakaza mpaka vidole vikamuuma.

Huko uwanjani, walikokwenda wote watatu, picha ya kwanza ilitetemeka kama mtama kwenye chekeche. Ruweida alitia kipande cha godoro chini ya simu, na mambo yakaharibika zaidi. Simu ikawa inainamisha kichwa na kuinua, inainamisha na kuinua, kama mjusi ukutani.

"Hii simu ina adabu," Ekiru alisema. "Inakubali kila unachoiambia."

Ruweida akacheka kwa kujificha nyuma ya mtandio, akalitoa godoro. Alikaa kiti cha nyuma, akalisukuma bomba kwa kidole. Kushoto na kulia halikusogea. Mbele na nyuma lilicheza. Akakumbuka mama yao anavyofunga vyombo mgongoni mwa ngamia: kamba ubavu huu, kamba ubavu ule, na nyingine kupita chini ya tumbo.

"Kamba mbili ni bembea," alisema kwa sauti ndogo. "Tatu ndiyo mzigo."

Basi wakarudi kibandani, Ekiru akakata mguu wa tatu, kutoka katikati ya bomba hadi kwenye bolti ya mkanda wa kiti, sakafuni kati ya viti. Ruweida alilisukuma tena. Likatulia kabisa.

Waliporudi uwanjani, Huqa akazunguka mara tatu. Picha ilikuwa nzuri kwenye njia iliyonyooka, lakini kila kona iliruka, na kona ya mwisho ilionyesha mbingu.

"Chuma bado," Huqa alisema.

"Chuma changu hakina kosa, dere," Ekiru alisema. "Ni wewe unaingia kona kama mtu aliyefukuzwa na nyuki."

"Wewe unajua nini? Unaendesha mkokoteni."

"Na haujawahi kunipiga usoni."

Huqa alikwenda kuswali alasiri kwenye msikiti wa kando ya barabara. "Kaza nati," alimwambia dada yake. Ruweida akazikagua zote. Hakuna iliyolegea. Alisimama na spana mkononi, akatazama njia ya msikitini, akatazama usukani, kisha akawasha kamera, akaketi kwenye kiti cha dereva.

Maziwa hayapendi dereva mwenye haraka. Ukifunga breki ghafla, yanagonga vifuniko. Kwa hiyo Ruweida alipunguza mapema, akaingia kona kwa upana, akaliacha gari lilale taratibu na kuinuka lenyewe, kisha mguu ukakanyaga mafuta. Vumbi lilibaki nyuma. Kwenye mzunguko wa tatu alicheka kwa sauti, peke yake, mdomo wazi.

Huqa aliporudi, gari lilikuwa pale pale alipoliacha. Ekiru alikuwa akipiga mluzi na kutazama mawingu ambayo hayakuwepo. Huqa akachukua simu. Njia ilitiririka kama maji ya mfereji.

"Sasa kimekubali. Umebadilisha nini?"

"Sijabadilisha kitu."

Huqa akaisogeza simu karibu na macho. Kamera ilikaa kati ya viti, na kutoka hapo iliona mikono iliyoshika usukani.

"Dere," Ekiru alisema begani kwake, "siku hizi unapaka hina?"

Huqa aliitazama simu, akaitazama mikono ya dada yake, bado myekundu kwa harusi ya binamu yao, akarudi kwenye simu. Aliicheza video tena toka mwanzo.

"Hii kona ya mwisho," alisema polepole. "Mimi pale huwa nasoma shahada kama mtu anayekufa. Wewe umepita kama unakwenda dukani." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. Halafu akapangusa macho, akashika simu kutuma. "Wanataka na jina la dereva. Gari ni moja, jina ni moja. Nikiandika lako, mimi Jumamosi nitafanya nini?"

"Utapeleka maziwa," Ekiru alisema.

"Wewe nyamaza. Namuuliza yeye. Ruweida, niandike nani?"

Ruweida alizificha mkononi ncha za mtandio, kisha akaziachilia.

"Andika Ruweida," alisema, na sauti haikuwa ndogo. "Nataka kuendesha mimi, kaka. Hicho kishikio, tangu bolti ya kwanza, nilikuwa najitengenezea."