Mchambuzi Alipokuja Makutupora

Niseme mapema kwamba wachambuzi wa mpira siwapendi. Mtu anakaa studio kwenye kiyoyozi, amevaa suti, anachora mishale kwenye skrini, halafu anakutajia timu yako itafungwa ngapi kana kwamba ameshaongea na Mungu. Na kati yao wote, niliyemchukia kutoka moyoni alikuwa Ludovick.

Kila Alhamisi jioni alitokea kwenye kituo kimoja cha televisheni cha mkoani kutabiri ligi ya vyuo. Sisi wa chuo cha kilimo Makutupora tulibanana bwaloni kumtazama, watu karibu mia na televisheni moja, tukimtukana kwa zamu. Mechi saba zote alisema tutafungwa. Sita tukashinda, moja tukatoka sare. Hakuomba radhi hata siku moja. Alhamisi inayofuata anarudi na tabasamu lilelile.

Kabla ya fainali akasema tutafungwa nne bila. "Kipa wao, Abdulwahab, ana mikono ya kushikia kikombe cha chai," akasema. "Mpira ni kitu kingine." Mwenzake wa studio akacheka hadi akavua miwani. Mama yake Abdulwahab alikuwa anatazama kwao Kondoa. Gideoni, mwenyekiti wetu wa mashabiki, alirusha kiti ukutani kikavunjika miguu miwili, na hakuna aliyemkemea.

Mimi ndiye niliyepiga simu. Naitwa Sikudhani, mwaka wa tatu, katibu wa mashabiki. Namba ya Ludovick ilikuwa chini ya skrini.

"Kaka Ludovick, shikamoo. Umewahi kutuona tukicheza?"

"Marahaba. Kusema kweli, bado. Huwa naletewa matokeo tu."

"Basi Jumamosi njoo utuone kwa macho yako."

"Mashabiki wenu si watanimaliza, mdogo wangu?"

"Hakuna atakayekugusa. Mimi ni katibu wao, nakupa neno langu."

Nilitaka aone haya tu, sikutaka zaidi ya hapo. Gideoni nilimweleza mapema, akaniapia kwamba hatamgusa, na mimi nikamwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Jumamosi Ludovick alikuja na suti ya bluu, akasimama pembeni ya kiwanja peke yake. Tulishinda mbili moja. Abdulwahab alidaka penalti dakika ya themanini na tano, akaubana mpira kifuani kama mtu aliyepokea mtoto wake. Ludovick alipiga makofi. Nilimwona kwa macho yangu, alipiga makofi kweli.

Kama tungefungwa, nadhani tungeenda kulala. Lakini tulishinda, na ushindi ulitupa kiburi ambacho hakikuwa na pa kwenda. Mvinyo ulikuwa umeanza kuzunguka tangu mapumziko. Filimbi ilipolia tu, watu wakamzunguka Ludovick, na Gideoni akamshika tai.

"Sema tena ile ya kikombe cha chai."

"Nilikosea," Ludovick akasema. "Kijana anadaka vizuri sana. Alhamisi nitasema hivyo hewani."

Gideoni akampiga kofi. Na mimi nikacheka. Hilo kofi la kwanza nililicheka, na sitaki mtu anisafishe hapo.

La pili sikucheka tena. Alianguka, miwani yake ikakanyagwa, kisha watu wakaanza kumpiga mateke kila mmoja akitaja mechi yake. "Hii ya mechi ya kwanza." "Hii ya siku ile ya sare." Shamba la mafunzo liko ng'ambo ya goli, na vijana wawili wakaenda kung'oa nguzo za mizabibu, zile ndefu zenye waya bado umening'inia. Nguzo ikitua mgongoni mwa mtu ina mlio mzito usiofanana na kitu. Waya ulimchana shavu. Jino lilitoka na damu likabaki kwenye tai. Nilimvuta Gideoni mkono nikimwambia aliniapia, akanisukuma kwa kiwiko, nikaanguka. Abdulwahab alikuja mbio akiwa bado na glavu, akilia, akiwaomba waache, na hata yeye walimsukuma.

Kisha Gideoni akainua mkono watu wakatulia. Akachuchumaa karibu na uso wa Ludovick, nguzo begani.

"Wewe si mtabiri? Tutabirie basi. Leo unatoka hapa mzima au hutoki?"

Ludovick alitema damu. "Sitoki," akasema. "Mtaniua."

Hapo nilipata akili, au niliyodhani ni akili. Nikajipenyeza katikati nikasema kwa sauti kubwa: "Mmemsikia? Amesema tutamuua. Msimu mzima hajapatia hata mara moja. Leo ndiyo mnataka kumpatisha?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, wa pili akafuata, na kicheko kikaenea. Gideoni mwenyewe alicheka, akatupa nguzo. "Amekosea tena," akasema. Tukampakia Ludovick kwenye pikapu ya chuo, nikampakata kichwa hadi hospitali mjini. Njia nzima nilijiona shujaa. Nilimwambia, "Umeona, kaka? Umetoka." Alinibana kidole kidogo, akafumba macho.

Jumatatu saa nne asubuhi akafariki. Bandama lilikuwa limepasuka, damu ikimvujia tumboni tangu siku ile. Kwenye kundi letu la simu mtu akaandika, "Kumbe safari hii kapatia." Baadaye akaufuta ujumbe. Gideoni alikuwa ameshachukuliwa na polisi. Mimi nilikuwa sijaulizwa na mtu.

Mchana nikaenda msibani kwake, Ipagala. Mke wake, Priska, alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake. Nikapiga magoti nikamshika mkono.

"Shikamoo, dada. Pole sana."

"Marahaba. Umetoka chuo cha Makutupora?"

"Ndiyo, dada."

Hakuniachia mkono. "Asubuhi ile alipiga pasi suti yake mwenyewe. Nikamwambia usiende, hao watoto wana hasira na wewe. Akaniambia kuna binti kule amempa neno lake." Akanitazama. "Unamfahamu huyo binti?"

Wanawake walikuwa wanamenya ndizi, hakuna aliyetusikiliza. Ningeweza kusema simfahamu, nikanyanyuka, nikaenda zangu. Nilitamani sana kusema hivyo.

"Ni mimi, dada."

Alinipiga usoni kwa mkono uliobaki, kisha tena, na pete yake ikanipasua mdomo. Wanawake wakainuka kumshika. Niliwaomba wamwache.