Jibu la Ubaoni

Sentensi ilikuwa bado ubaoni simu ilipolia. Mwalimu aliiandika mwanzoni mwa muhula kwa chaki ya bluu, akaizungushia mstari, na chini yake akaongeza: USIFUTE. Wanafunzi wa zamu walifuta hesabu za faida na hasara, wakafuta mpango wa akiba na mchoro wa soko, lakini sentensi ile waliipitia kando kama maji yapitiavyo jiwe. *Udhaifu wangu ni kwamba siwezi kuiacha kazi kabla haijakamilika.*

Aliitunga mwenyewe, na aliionea fahari. Kwenye usaili waajiri hawaachi kuuliza udhaifu wa mtu, na hapo ndipo vijana wake walipokuwa wakijikwaa. Mmoja alikiri uvivu. Mwingine alidai hana udhaifu hata chembe, akaonekana ama malaika ama mwongo. Jibu lake yeye liliuvika udhaifu nguo za sherehe. Vijana walilirudia wakiwa wameketi wima, na kwa sababu ya amri yake ya kila siku wakambandika jina la Mama Kifua Mbele. Aliyesahau aliinua macho kuelekea nyuma ya darasa, aliposimama Mwalimu, naye akachezesha midomo bila sauti mpaka maneno yakamrudia.

Aliyepiga simu alikuwa meneja wa kiwanda cha mikate.

"Vijana wangu wamefika, Meneja?"

"Wamefika. Wasafi, wana adabu, viatu vinang'aa. Ila nikuulize, Mwalimu: umeniletea vijana au kasuku?"

Mwalimu alicheka kidogo, akitumaini ni utani.

"Wa kwanza nilimpenda," Meneja aliendelea. "Wa pili nikadhani ni ndugu yake. Wa tatu nikachungulia chini ya meza, labda kuna karatasi imebandikwa. Huyo wa mwisho alipokohoa tu, nikammalizia mwenyewe. Hata pa kutabasamu nilishapajua."

"Naomba radhi, Meneja. Nilitaka wasibabaike."

"Mimi natafuta mwanagenzi wa tanuri. Mkate ukiungua, nitamuuliza kwa nini, na nataka anijibu yeye, si wewe. Kesho amebaki mmoja, sivyo? Naye akiniimbia wimbo huohuo, mwakani usinisumbue. Nitatafuta watu kwingine."

Simu ilikatika. Mwalimu alibaki akiutazama ubao. Kiwanda kile kilikuwa mlango pekee uliokubali kufunguka kwa wanafunzi wake, na aliyebaki alikuwa binti wa marehemu dada yake. "Mtafutie mahali pa kusimama," dada alimwambia kabla ya kufumba macho. Hakumwambia apatafute wapi.

Alichukua kifutio. Akakirudisha mezani. Akaondoka bila kufunga dirisha.

Nyumbani alimkuta binti akipiga pasi blauzi nyeupe, midomo ikitembea. Hakuhitaji kusogea ili ajue inasema nini. Binti huyu alikwisha kwenda kwenye usaili mara mbili. Mara ya kwanza alinyamaza mpaka akashukuriwa na kuonyeshwa mlango. Mara ya pili alikaribishwa maji, na bilauri ikaishia kwenye mapaja ya aliyemkaribisha. Sentensi ya ubaoni ndiyo fimbo aliyoipata ya kuvukia mto. Nani humnyang'anya mtu fimbo akiwa katikati ya maji?

Lakini fimbo yenyewe ilikuwa imeoza, na Mwalimu ndiye aliyeikata.

"Mwanangu, lile jibu usilitumie kesho."

Pasi ilisimama hewani. "Lipi, Mama Mdogo?"

"La udhaifu. Wenzako wote wamelitumia. Meneja amechoka kulisikia."

"Wote?" Binti alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. "Hata yule tunayemwita Wakili?"

"Hata Wakili."

"Na yule anavyopenda kuongeza chumvi! Sasa mimi niseme nini?"

Mwalimu alifungua kinywa. Alikuwa na majibu ya maswali yote ya dunia: uniambie habari zako, kwa nini tukuajiri, unajiona wapi baadaye. Akayatafuta yote, na kila alilolishika lilikuwa na alama ya chaki yake.

"Sijui," alisema.

Binti alimtazama kama mtu aliyesikia ukuta ukiomba kiti. Kisha akainamia blauzi. "Udhaifu wangu mimi naujua. Mtu akinikodolea macho, mikono inakufa. Naangusha vitu."

"Hilo usilithubutu! Kiwanda kizima cha trei na mikate, umwambie unaangusha vitu?"

"Si umesema hujui?"

Harufu ya kitambaa kinachoanza kuungua iliwashtua wote wawili, na binti akainyanyua pasi upesi. Alama ya kahawia ilikuwa imebaki pembeni, chini kabisa, mahali ambapo sketi ingeifunika.

"Haitaonekana," binti alisema.

"Haitaonekana," Mwalimu aliitikia, na neno lake mwenyewe likamkaa vibaya.

Asubuhi walikwenda pamoja, bila maneno mengi. Binti alitembea akijishika kiuno pale palipofichwa alama. Mara mbili Mwalimu alitaka kumpa sentensi mpya, fupi, ya dharura. Mara mbili aliimeza.

Ofisi ya Meneja ilikuwa kibanda cha vioo ndani ya kiwanda, kilichojengwa hivyo ili aone matanuri bila kuinuka. Binti aliingia. Mwalimu aliketi kwenye benchi la nje, akiutazama mlango wa kioo ulioachwa wazi kidogo. Wafanyakazi walipita na trei begani. Joto lilikuwa jingi.

Aliona Meneja akiuliza, binti akijibu. Akauliza tena, binti akaitika kwa kichwa. Kisha Meneja aliweka kalamu mbele ya binti, juu ya fomu, akaegemea kiti na kukunja mikono. Mwalimu alilijua swali kabla halijatoka. Akajikuta ameketi wima, kifua mbele.

Binti aliichukua kalamu. Hakuandika. Hakusema. Ukimya ule Mwalimu aliujua. Ndio uliomtoa mtoto huyu nje mara ya kwanza. Polepole binti aligeuza uso, akatazama kupitia kioo, akamtafuta mama yake mdogo kama alivyozoea kumtafuta nyuma ya darasa.

Midomo ya Mwalimu ilikuwa tayari imeshaanza. *Udhaifu wangu ni...* Macho ya binti yakaishukia kama ndege anayeona tawi.

Mwalimu aliifumba. Akaibana kwa meno. Macho ya binti bado yalikuwa pale, yakisubiri, yakianza kulowa. Hakuweza kuyatazama na kunyamaza kwa pamoja, alijijua. Kwa hiyo aliinuka, akageuka, akaketi upya huku mgongo wake ukiwa umeelekea kioo. Mbele yake sasa kulikuwa na ukuta wenye vumbi la unga. Alijiona kama mtu aliyemwachia mtoto mkono katikati ya barabara.

Tanuri moja lilifunguliwa, likafungwa.

Kisha ilisikika nyuma yake: tap, kitu chepesi kikianguka sakafuni, kikabiringika, kikagonga mguu wa meza. Mwalimu alifumba macho. Kiti kilikwaruza, mtu alikuwa akiinama.

"Iache," ilisema sauti ya Meneja. "Usiiokote kwanza. Ulikuwa unasema?"

Halafu, chini sana, ikaanza sauti nyingine, ikijikwaa, ikisimama, ikianza upya. Mwalimu hakuyashika maneno yake yote. Aliinamisha kichwa, akasikiliza. Hakuna hata neno moja alilolitambua kuwa lake.