Doa la Mwenyekiti

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, na Eustaki, mwenyekiti wa jumuiya ya Wakatoliki pale Viwanja Sitini, akawa na mifungo miwili ya kuchagua. Hakufunga hata mmoja. Alichofanya ni kupiga marufuku mafuta ya kula kwa watu wengine.

Alisimama kwenye sala za jumuiya akatangaza kwamba mpaka Pasaka hakuna nyumba itakayokaanga kitu, iwe samaki, iwe andazi, iwe kitunguu. Atakayevunja agizo atasimama mbele ya wenzake na kusema, "Nimekaanga, naomba mnisamehe." Tena kila mtu ashone sare ya zambarau, na asiyekuwa nayo asikanyage kwenye Njia ya Msalaba. Watu walikubali kwa sababu kubishana na Eustaki kunachosha kuliko kula vya kuchemsha.

Aliyeumia ni Theresia, mama yake Careen, mjane anayeishi kwa kuuza maandazi asubuhi barazani kwake. Wiki ya kwanza tu harufu ilimponza. Alisimamishwa, akayasema maneno aliyopangiwa, akazima jiko. Tangu hapo anapalilia mashamba ya watu kwa kibarua, na Careen anakwenda shule na kiazi cha kuchemsha. Eustaki aliliona hilo akaliita matunda ya toba.

Yeye mwenyewe, ikifika magharibi, alikuwa anapita dukani kwa Abdulnasir "kuwajulia hali majirani zetu waliofunga." Aliwajulia hali kila siku, na kila siku hali ilijulikana wakati wa futari. Samia, mke wa Abdulnasir, ni mtu wa adabu. Hawezi kumwacha mgeni mlangoni akimeza mate. Basi Eustaki alikaribishwa mkekani, akazila sambusa kwa bidii kuliko wenye mfungo wao, ambao angalau walikuwa na sababu.

Alhamisi moja alizidisha. Alichukua sambusa ya kwenda nayo, akaifunga kwa karatasi ya daftari na kuitia kwenye mfuko wa kifuani wa shati lake la zambarau, humohumo inamokaa rozari. Alipofika nyumbani akawasha taa, mfuko mzima ulikuwa umelowa mafuta. Sambusa aliila kwanza. Hofu ilikuja baadaye.

Na aliogopa kwelikweli. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na yeye ndiye kiongozi wa Njia ya Msalaba. Bila sare haingii, kwa amri yake mwenyewe. Akiingia na doa la mafuta atasimamishwa, na Theresia atakuwa amekaa pale anamtazama. Mkewe, Balbina, alikuwa kijijini Mchombe kwenye palizi ya mpunga, na kumuuliza mtu wa jumuiya namna ya kutoa mafuta kwenye nguo ilikuwa ni kujichongea.

Asubuhi aliingia kazini peke yake. Tangu aoe hakuwahi kufua hata leso, lakini uhakika haujawahi kumpungukia. Alianza kwa kulimwagia doa maji ya moto, na mafuta yakapata nafasi ya kutembea. Akalisugua kwa mche wa sabuni na brashi ya viatu, yakatembea zaidi. Hapo akakumbuka kusikia kwamba unga hunyonya mafuta. Unga wa ngano haukuwepo ndani, maana yeye ndiye aliyezuia maandazi, ila kulikuwa na kiroba cha pumba za mpunga, chakula cha kuku. Akalifukia doa kwa pumba. Mtu yeyote wa bonde hili aliyewahi kuchota pumba mashineni anajua mikono inavyobaki ikiteleza, kwa sababu pumba nazo zina mafuta yake. Eustaki anajua pia, lakini siku hiyo hakukumbuka. Mwisho akapasha pasi ya mkaa, akaikandamiza pale kifuani mpaka shati likatoa moshi. Doa lililoanza na ukubwa wa mfuko sasa lilikuwa sahani.

Alilikunja shati kwapani, akaenda kwa Samia.

"Shikamoo, mzee Eustaki."

"Marahaba, mwanangu. Kuna rafiki yangu mmoja amemwagikiwa mafuta shatini."

Samia alilitazama lile shati. "Mwambie rafiki yako asitie maji kwanza. Anyunyize unga mkavu, auache unyonye, akung'ute. Halafu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, asugue taratibu na kusuuza. Doa likiwa bado lipo asipige pasi. Likishapigwa pasi halitoki."

"Na kama ameshapiga?"

"Basi avae," Samia alisema.

Balbina alirudi mchana, tope la Mchombe likiwa bado miguuni. Alimkuta mumewe amevaa, mkono uko kifuani.

"Baba Amedeus, hiyo nini?"

"Jasho."

Balbina akasogeza pua. "Jasho lina binzari?" Hakungoja jibu. Alinawa miguu, akavaa blauzi yake, akasema, "Twende, watu wanasubiri."

Msalaba wa jumuiya ni wa mninga, mzito, na kila kituo hubebwa na mtu mwingine. Eustaki siku zote hubeba kitabu. Siku hiyo aliukumbatia msalaba tangu kituo cha kwanza, akaubana kifuani juu ya doa, akakataa kuutoa. Katekista Salvatory alijaribu kumpokea, Eustaki akatikisa kichwa. Viktor, mwanajumuiya ambaye humsema kila siku, alifuta machozi. Kufika kituo cha tisa Eustaki mwenyewe alishaguswa na mateso yake, akawa anatembea kwa kuyumba zaidi ya ilivyohitajika.

Kituo cha mwisho kilikuwa uani kwa Theresia. Aliushusha msalaba, na kwa kuwa kila mtu alikuwa amelowa jasho, hakuogopa tena.

"Tazameni jasho la kiongozi," Salvatory alisema, na watu wakatazama kwa heshima.

Wakakaa kwenye mabenchi kunywa maji. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa mto. Nguo zikakauka moja moja, migongo na makwapa, mpaka uani pale ikabaki sahani moja tu ya unyevu, kifuani kwa mwenyekiti, nayo ilikuwa inanukia.

Theresia alimletea maji yeye wa mwisho. Alisimama mbele yake na kikombe.

"Mwenyekiti," alisema, "sisi wote tumekauka."

Eustaki alimtazama mkewe amwokoe.

"Simama, Baba Amedeus," Balbina alisema. "Maneno unayajua."

Akasimama. "Nimekaanga, naomba mnisamehe."

"Hukukaanga," Viktor alisema. "Umekaangiwa."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma kuliko kicheko. Mtaani kwake alikuwa hana tena mtu wa kumkataza chochote.

Jumamosi asubuhi harufu ya maandazi ilitoka kwa Theresia, ikapita dirishani kwa Eustaki waziwazi. Balbina akamtuma akanunue. Alipanga foleni nyuma ya watoto, amevaa shati jingine, macho chini. Careen alikuwa kibarazani anakula andazi la moto.

"Shikamoo, mwenyekiti," Theresia alisema. Akayafunga maandazi kwa karatasi, akaongeza karatasi ya pili, akafikiri kidogo, akaongeza ya tatu. "Haya unaweza kutia mfukoni."