Miguu ya Jirani

Wanawake wengine hufumania ujumbe kwenye simu. Mimi nilifumania miguu. Ilikuwa kwenye simu ya binti wa kaka yangu, imekaa juu ya kitambaa cheupe, kucha zimepakwa rangi ya damu ya mzee, na imevaa sandali nilizozishona mimi. Shanga zile nilizipanga mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka macho yakanitoka machozi. Lakini miguu haikuwa yangu.

"Ya nani hii?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshaitambua. Hakuna mwanamke asiyeijua miguu ya jirani yake.

"Ya dada msusi," alijibu binti. "Si mizuri, shangazi? Hii ndiyo tunaiweka ukurasa wa mbele wa duka."

Mimi na mume wangu tunatengeneza sandali za ngozi. Yeye hukata ngozi na soli, mimi nashona mikanda na shanga. Jina lake alilopewa na mama yake karibu nilisahau, kwa maana dunia nzima humwita Fundi, hata huyo binti wa kaka yangu. Karakana yetu ni chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, na nyuma ya ukuta ndiyo saluni ya msusi. Ukuta wenyewe mwembamba. Msusi akicheka, nyundo ya Fundi hunyamaza. Ukimuuliza atakwambia anasikiliza kama gundi imeshika. Jamani, gundi gani hiyo inayosikilizwa?

Habari za duka la mtandaoni zilianza wateja wa dirishani walipopungua. Kabla ya hapo Fundi alikuwa na wimbo wake mmoja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi vizuri vyetu vikakaa rafuni vinajiuza mpaka vikaota vumbi. Ndipo binti akaja. Yeye anafanya kazi kwa watu wanaouza vyombo vya nyumbani kwa njia ya mtandao, na mambo hayo anayajua vizuri.

"Shangazi, duka hili halina mlango wala benchi," alitufundisha. "Mteja hashiki, hajaribu, hanusi ngozi. Kwa hiyo picha ndiyo macho yake, na jedwali la vipimo ndilo mguu wake. Ukikosea hapo, mzigo unarudi. Gharama ya usafiri itaje mapema, usimshtukize mwishoni, atakimbia. Malipo yawe rahisi kwenye simu. Na umwambie wazi kwamba kiatu kisipomkaa anaruhusiwa kukirudisha."

Niliyaelewa yote. Fundi naye aliitikia kwa kichwa mpaka nikadhani anasinzia. Kitu ambacho sikukielewa ni kwa nini picha zilipigwa siku niliyokwenda kununua shanga.

"Mbona hukunisubiri?" nilimuuliza jioni ile, sindano ikiwa bado mkononi.

"Hukuwepo, mama watoto. Na binti alisema picha inataka miguu ya..." Akakwama.

"Ya nini? Malizia."

"Ya kupigwa picha."

Nikaitazama yangu. Visigino vina nyufa, hilo silikatai, sakafu ya karakana si zulia. Na pembeni ya kidole gumba, mguu wa kulia, nina nundu. Mama yangu anayo, na mama yake alikuwa nayo. Wenzangu walirithi mashamba, mimi nikarithi nundu. Sijawahi kuionea haya hata siku moja. Jioni ile niliuvuta mguu chini ya benchi nikaufunika na kipande cha ngozi.

Ningeweza kumeza hilo. Nimemeza makubwa zaidi. Ila kesho yake binti, kwa moyo wake mweupe, akaropoka: "Mikanda ilikuwa inamteleza dada msusi, ikabidi Fundi apige magoti amfunge mwenyewe."

Apige magoti! Wivu ulinipanda kutoka tumboni mpaka masikioni. Mimi mwanamume yule alinipigia magoti siku moja tu, alipokuwa bado anajifunza kazi kwa fundi mwingine. Nililetwa na sandali iliyokatika. Akasema hii haishoneki, ngoja nikutengenezee mpya, akaweka kipande cha boksi chini, nikakanyaga, akapiga magoti akauzungusha mguu wangu kwa penseli. Penseli ikanitekenya nikacheka. Alipofika kwenye nundu hakukatiza njia, aliizunguka polepole, wala hakusema neno. Ndoa yangu ilianzia pale, kwenye boksi. Sasa kumbe magoti hayo yanatolewa kwa majirani.

"Sikilizeni," niliwaambia wote wawili. "Jumatatu mnafungua duka. Picha hizo zitoke, au mikanda ijishone yenyewe." Nikachomeka sindano kwenye mto wa kuchomekea, nikakunja mikono.

Binti alijaribu kunibembeleza. Alisema picha ni nzuri, hakuna muda wa kupiga nyingine, na duka lisilo na picha ni sawa na kutokuwa na duka. Fundi alichukua nyundo akaanza kugonga soli ambayo ilikuwa imeshagongwa.

Nyumbani nilipika, nikaandaa, nikanyamaza. Alichoniuliza nilimjibu kwa "ee" na "aa". Barabarani msusi akanisalimu kama kawaida yake, meno yote nje: "Jirani, habari za kazi?"

"Nzuri," nikamjibu, "kwa wenye miguu."

Alinitazama asielewe, na kutoelewa kwake kukaniudhi zaidi. Mtu anakuchukulia nafasi yako halafu hajui hata kama ameichukua. Usiku nililala nimegeukia ukutani, nikiwaza watu wa miji nisiyoijua wakifungua simu zao na kuisifia miguu ile. Watasema, ona sandali zilivyompendeza. Nani atauliza ni nani aliyezishona?

Jumamosi binti alikuja na utepe wa kupimia. Mgomo wangu haukumzuia, kwa sababu jedwali la vipimo halihitaji mikanda. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani, nimewapa mgongo, masikio nimeyaacha kwao.

"Nipe urefu na upana wa kila namba," alimwambia Fundi. "Tunapima wapi?"

Fundi akainuka, akatungua paterni msumarini. Paterni ni yale maboksi yaliyokatwa umbo la mguu, anayoyafuatisha akikata soli. Yametundikwa pale juu ya benchi lake, na mimi nimeyaona kila siku ya ndoa yangu bila kuyatazama.

Binti akapima, akaandika, akapima tena. "Mbona hapa mbele pana sana? Maduka mengine hayana upana huu. Na hiki kinachotokeza hapa pembeni ni nini? Mkasi uliteleza?"

"Haukuteleza," Fundi alisema. "Ndivyo ulivyo."

"Ndivyo ulivyo nini?"

"Mguu. Hii ndiyo paterni ya kwanza. Hizo nyingine zote nimezitoa humu, namba kubwa naongeza, ndogo napunguza. Wakati fulani nilijaribu kupanyoosha hapo. Wateja wakalalamika zinabana. Nikaparudisha."

Niligeuka. Boksi lilikuwa limechakaa, kingo zimekuwa nyeusi kwa gundi na vidole vyake, lakini mstari ule ningeujua hata gizani. Ulishuka kutoka kidole gumba, ukatoka nje, ukaizunguka nundu yangu polepole, ukarudi.

"Aaa!" binti akapiga paji la uso. "Ndiyo maana dada msusi tulimjazia pamba!"

"Pamba?" Hilo ndilo neno la kwanza nililotamka siku ile.

"Pembeni ya kidole, shangazi. Mguu ulikuwa unacheza humo ndani. Na mkanda wa nyuma tuliubana kwa vibanio vya nywele, havionekani kwenye picha."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, safari hii taratibu, aanze kwenye pamba. Nitasema kweli, nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa ya ubaya.

Kisha furaha ikaniishia, nikayatazama maboksi yote yaliyotundikwa pale. Wanawake wote waliowahi kununua kwetu, mabibi harusi, walimu, wauza mboga, walikuwa wanakanyagia umbo la mguu wangu.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" nilimuuliza Fundi.

Akanishangaa kwa dhati. "Nilidhani unajua. Si mguu wako?"

Ukiolewa na mwanamume wa namna hiyo, utafanyaje? Nilichomoa sindano kwenye mto.

Picha nikaziacha. Nina wivu, lakini sina wazimu, na miguu ile ilikuwa inauza. Ila maelezo yaliyo chini ya picha niliyatoa mimi, binti akaandika nilivyosema: sandali hizi zina nafasi pembeni ya kidole gumba, zimekatwa kwa mguu wa mwanamke afanyaye kazi. Binti akauliza kama tuongeze neno la kupamba. Nikamwambia asiongeze hata nukta.

Jumatatu duka likafunguliwa. Hatukugombaniwa, nisije nikasema uongo. Oda zilikuja moja moja, kwa kusitasita. Mteja mmoja akatuandikia kwamba kwa mara ya kwanza kidole chake kimepumua. Nilimfanya Fundi amsomee kila aliyepita dirishani.

Ndipo siku moja simu ikalia, binti akasoma, akanitazama mimi kwanza. "Oda imetoka hapo nyuma ya ukuta. Dada msusi. Amelipa tayari. Ameandika: 'Naomba zangu zikatwe kwa mguu wangu, zile za kwenye picha hazikunikaa.'"

Kabla sijasema kitu, msusi mwenyewe akawa ameshaingia, anacheka, ameacha mteja na nywele nusu. Akavua ndara moja mlangoni. "Jirani, wewe una bahati," akaniambia. "Nimesoma yale maelezo nikajua ni wewe. Mimi mguu wangu wamesifia wengi. Aliyewahi kukaa chini akauchora hayupo."

Alisema hivyo akicheka, lakini macho hayakucheka. Nikamwonea huruma, kidogo. Nikapepesa macho na kumwona Fundi ameshaweka boksi jipya sakafuni, ametoa penseli sikioni, anakunja goti.

"Wee! Lete hiyo penseli," nikamwambia.

"Acha tu, nachora mimi."

"Magoti yako yanakuuma."

"Yangu? Hayaja..."

"Yanakuuma, Fundi."

Akanitazama, akaitazama penseli, akanipa. Akarudi benchini kwake bila kubisha. Nikapiga magoti mimi. Msusi akakanyaga boksi, nikaanza kisiginoni. Mguu mwembamba, umenyooka, hauna pa kuzunguka. Mguu mzuri, na nilipenda uwe na kasoro, haukuwa nayo. Nilipofika vidoleni penseli ikamtekenya, akaangua kicheko kile chake, na nyuma yangu nyundo ikanyamaza.

"Gonga, Fundi," nikasema bila kugeuka.

Akagonga.