Mwamuzi na Kipa wa Tumbo Moja

Nyumbani, binti yangu mkubwa humwonea huruma hata mende. Uwanjani, akipuliza filimbi, makocha wanafyata mkia. Ndiyo maana majirani wamempachika jina: Nafsi Mbili.

Jina hilo hunipandisha mori. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa akili. Nimewahi kumshika mkono mgonjwa wa nafsi mbili aliyerudi kuwa yeye mwenyewe, akaniuliza jana alikuwa wapi, machozi yanamtiririka. Hayo ni maradhi, si utani wa kupigia soga.

Jumamosi ile, lakini, moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha! Mkaguzi wa waamuzi alikuja kumpima binti yangu. Akifaulu, anapanda daraja la kwanza. Nilikaa nyuma ya goli pamoja na majirani, mkaguzi mbele yetu. Shida moja tu: kipa wa goli hilo alikuwa kitindamimba wangu.

Dakika za lala salama, bado hakuna bao. Mshambuliaji akamtoka beki wa mwisho. Mwanangu akachomoka golini, akaukosa mpira, akamfyeka miguu. Filimbi! Penalti!

"We mtoto!" nikaruka juu. "Mdogo wako huyo! Kweli una nafsi mbili!"

Neno lile lile, kinywani mwangu! Mkaguzi akageuka. Nikajua nimemharibia binti yangu.

"Wote wawili ni wako, mama?"

"Wote," nikasema.

"Aliniambia asubuhi, kabla ya mechi. Nikamwambia achezeshe tu, nimwone."

Penalti ikatinga wavuni, mechi ikaisha. Mwanangu akajitupa chini, analia. Dada yake akamfuata, filimbi bado mdomoni, akapiga magoti, akamfuta matope usoni kwa kiganja. Kisha akaitema filimbi.

"Amka, bwana mdogo. Ile ilikuwa penalti."

"Najua, dada," akajibu, kwikwi zimembana.

"Amepita," mkaguzi akasema.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakwama! Nikawageukia majirani, wa kushoto na wa kulia, nikiwaonyesha kidole kimoja.

"Mmoja! Mnamwona? Binti yangu ni mtu mmoja yule!"