Kiingereza cha Nyumbani

Mwalimu aliagiza wazazi waongee Kiingereza na watoto nyumbani, utadhani kinauzwa dukani kama chumvi. Mama mmoja, mfanyakazi wa ndani kwa miaka kumi na miwili, alirudi jioni hoi bin taabani, akavua viatu, akamwita bintiye.

"Haya mwanangu, nikupe hicho nilichonacho."

Akampa chote alichowahi kuambiwa na bosi wake: njoo hapa, fanya haraka, futa tena, huoni uchafu? Mtoto alikishika upesi, mpaka na ile sauti ya puani.

"Sasa nisemeshe," mama alisema, akijikanda miguu.

Binti akashika kiuno, akamwamuru kwa Kiingereza afute meza.

Mama alishtukia ameshasimama, kitambaa mkononi, akiitikia, "Ndiyo, madam."